Pikapu ya zamani: taa ya kushoto hafifu na ya njano, balbu mpya haijasaidia

Kabureta: Wakuu, naomba msaada. Pikapu ya zamani, volti 12, balbu za H4 wati 60/55 (60 za ful, yaani mwanga wa juu; 55 za dimu, mwanga wa chini). Kwenye dimu taa ya kulia iko sawa, ya kushoto inatoa mwanga hafifu wa njano. Nikipiga ful, ya kushoto inabaki vilevile. Halafu nikiwa kwenye dimu, alama ya bluu ya ful kwenye dashibodi inawaka kwa mbali. Balbu nimebadilisha, fyuzi sijagusa. Gari likisimama bila kukanyaga mafuta, taa zote mbili hupungua nguvu. Je, nifunge balbu za wati 100/90?

Spana14: Hiyo alama ya bluu imeshasema kila kitu. H4 ina terminali tatu: ya dimu, ya ful, na ya pamoja. Terminali ya pamoja ya kushoto imekatika. Umeme ukikosa pa kutokea unapita uzi wa dimu ndani ya balbu, unarudi kupitia uzi wa ful wa balbu hiyohiyo, kisha unakimbilia taa ya kulia. Volti zinagawanyika njiani, ndiyo maana unaona njano, na kiasi kidogo kinafika kwenye alama ya dashibodi. Hata ufunge balbu kumi mpya haitabadilika.

WayaMwekundu: Naunga mkono, ila kwanza jua mfumo wako. Chomoa soketi za taa zote mbili, washa taa, weka mita kwenye volti za DC 20, kidude cheusi kwenye hasi ya betri, pima matundu yote matatu ya soketi ya kushoto ukibadilisha dimu na ful. Volti 12 zikihama kutoka tundu moja kwenda jingine, swichi iko upande wa chanya na ya pamoja ni ya hasi. Tundu moja likishika 12 muda wote, swichi inakata upande wa hasi (pikapu nyingi za Kijapani za zamani ziko hivyo) na ya pamoja ni chanya.

Ukikosa 12 kwenye tundu lolote, usikimbilie waya: angalia fyuzi ya taa ya kushoto. Kwenye mfumo wa kukata hasi, kila taa kwa kawaida ina fyuzi yake, na fyuzi moja ikiungua dalili ni hizihizi ulizoeleza.

Kabureta: Nimepima. 12 zinahama.

Spana14: Basi ni hasi. Rudisha soketi, washa dimu, pima kutoka hasi ya betri hadi terminali ya pamoja kwa nyuma ya soketi. Inatakiwa isizidi volti 0.2. Ukiona volti kadhaa, fuata waya huo hadi ulipofungwa kwenye bodi. Fungua bolti, piga msasa hadi chuma king'ae, funga upya, paka grisi juu. Rangi chini ya kichwa cha waya ni adui sawa na kutu. Na kama soketi imeyeyuka au kubadilika kuwa kahawia, badilisha soketi. Kuikaza kwa koleo ni kuahirisha tatizo.

WayaMwekundu: 100/90 achana nayo kabisa. Taa mbili za wati 55 zinavuta kama ampea 9; za 90 zinafika 15, zote zikipita kwenye swichi na waya mwembamba wa zamani. Kinachoyeyuka kwanza ni soketi, kisha swichi.

Kufifia kwa zote mbili ni jambo tofauti. Pima betri injini ikiwa inawaka: 13.8 hadi 14.4 ni sawa. Ikishuka chini ya 13 taa zikiwa zimewaka, kaza mkanda wa oltaneta (inayochaji betri), angalia brashi zake. Betri ikiwa sawa lakini volti za soketi ziko chini ya za betri kwa volti moja au zaidi, funga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme), moja ya dimu na moja ya ful. Fuata namba zilizoandikwa kwenye rilei: 30 kutoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri, 87 kwenda taa, 86 kwenye waya wa zamani wa taa, 85 kwenye bodi. Waya wa 2.5 mm². Volti zikipungua asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30, kwa hiyo tofauti utaiona.

Kabureta: Volti 4.1 kwenye ya pamoja. Bolti imejaa kutu chini ya trei ya betri.

Spana14: Ndiyo hiyo. Ukimaliza, usishike kioo cha balbu kwa vidole, mafuta ya ngozi huiunguza mapema. Na kabla ya kurekebisha mwelekeo wa taa, jaza upepo sawa kwenye matairi. Mstari wa dimu ushuke sentimita 5 chini ya kimo cha katikati ya taa kwenye ukuta ulio mita 5.