Tupeane uzoefu: kukaa kutwa, usingizi mbovu na sonona

Mleta mada: Wakuu, naanza mimi. Kazi yangu ni ya kompyuta na naifanyia nyumbani, kwa hiyo kutoka kitandani hadi kitini ni hatua chache tu. Usiku nakodoa macho, asubuhi naamka mzito kama gunia lililoloa, na nilivyokuwa navipenda havinivutii tena. Nani kapitia haya?

Mdau: Pole mkuu. Mimi nilikuwa kinyume chako, nalala mno na bado naamka hoi. Sonona inakuja hivyo pia. Kilichonisaidia ni kuamka muda uleule kila siku, hata wikiendi, na kutoka nje nipate mwanga wa asubuhi. Muda wa kulala ukajipanga wenyewe.

Mdau: Nibishe kidogo, kukaa kunatofautiana. Nikikaa nikashona, akili inachangamka. Nikikodolea televisheni jioni nzima, nanyanyuka moyo umeshuka. Kuna tafiti za watu wazima zilizoona hivyohivyo. Ila kipi kilitangulia? Anayeanza kuzama ndiye huyohuyo asiyetaka kunyanyuka.

Mdau: Mwongozo wa WHO wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nilipousoma nilikata tamaa, mpaka muuguzi akanionyesha sehemu isemayo kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Sasa simu zote napokea natembea. Wanangu wanacheka.

Mdau: Wanaosema "kimbia tu utapona" wananikera. Mimi nilikimbia na sonona ikabaki palepale. Nilipona kwa dawa, pamoja na mwanasaikolojia aliyenifundisha tiba ya kukosa usingizi: kitanda ni cha kulala, si cha kuwazia. Usingizi ukigoma, unatoka kitandani, unarudi ukisinzia. Na muda wa kuwa kitandani unapunguzwa kwanza. Siku za mwanzo ni mateso, sikufichi. Mleta mada, hali hiyo ikiwa karibu kila siku kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ukianza kuwaza kujidhuru, nenda leo leo.

Mleta mada: Nashukuru, miadi nimeshaweka. Hapo kwenye kutoka kitandani, ulikuwa unafanya nini? Mimi naishia kwenye simu.

Mdau: Nakunja nguo, taa hafifu. Simu inalala chumba kingine.

Mdau: Kwangu ni kupanga kabati. Halijawahi kupendeza hivi.