Dingi ya kufikia yoti Mtwapa: mpira, plaiwudi au kihori?

nahodha_kidimbwi

Wadau, salamu. Yoti ni ya mita 9.5, imefungwa kwenye boya ndani ya hori (mkono wa bahari) ya Mtwapa, kama mita 200 kutoka pwani. Natafuta dingi, yaani mashua ndogo ya kuiendea (ya majini, si yule dingi wa nyumbani anayeuliza umerudi saa ngapi). Kazi yake: watu wazima watatu, madumu mawili ya maji ya lita 20, kapu la sokoni, na mara mojamoja kuvutwa nyuma ya yoti hadi Kilifi au Wasini.

Zinazouzwa karibu ni tatu: boti la mpira la mita 2.7, dingi ya plaiwudi ya mita 2.4 kwa 1.2, na kihori kilichochongwa kwa mwembe. Ipi inafaa? Mashine iwe ya hospawa ngapi? Na maji yakipwa mnaziacha wapi?

fundi_taruma

Mkuu, piga hesabu ya mzigo kabla ya kuangalia rangi. Watu watatu wa kilo 75 ni 225, madumu 40, mashine ndogo na mafuta yake 20 na ushee. Umeshakaribia kilo 290 na kapu bado.

Kipimo cha haraka: zidisha urefu kwa upana kwa mita, gawanya kwa 1.4, utapata idadi ya watu maji yakiwa yametulia. Hiyo ya plaiwudi ni 2.4 mara 1.2, yaani 2.88. Gawanya, unapata watu wawili. Wa tatu akipanda, ukingo unakaribia maji, na boti moja ya watalii ikipita kwa kasi umejaa. Unataka ya mita 3 kwa 1.4 hivi, hiyo ndiyo ya watu watatu. Ukishapakia kila kitu, ukingo ubaki kama sentimeta 25 juu ya maji. Ukiona chini ya hapo, enda safari mbili.

Kihori kiache. Si kwa dharau, kwa mvuvi aliyezoea kukaa chini na kupiga kafi hakina mpinzani. Lakini tumbo lake ni la mviringo: mtu akikanyaga pembeni wakati anashika ngazi ya yoti, kinamkimbia chini ya miguu. Tena hakina ubao wa tezi (nyuma) wa kufungia mashine, na ule uzito hamtaupandisha juu ya yoti watu wawili.

Ningechukua plaiwudi, ila ya mita 3. Plaiwudi ya baharini ya milimita 6, maungio yaliyopakwa epoksi (gundi inayokauka ngumu) na utepe wa faiba, inabebwa na watu wawili bila kugombana. Kabla ya kulipa, bonyeza kwa ncha ya bisibisi pembe za ubao wa tezi, pale mashine inapobana, na sehemu ya chini inayogusa mchanga. Ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, maji yameshaingia kati ya tabaka na rangi inaficha tu. Hakikisha pia ina vyumba vya hewa vilivyozibwa, omo (mbele) na tezi. Plaiwudi tupu haizami, lakini ikijaa maji huku mashine imening'inia nyuma, tezi inakwenda chini na nyinyi mnaning'inia kwenye omo.

Makasia usiyasahau hata ukiwa na mashine. Upana wa mita 1.2 unataka kasia la mita 2.1 hadi 2.3. Zaidi kidogo ya robo ya urefu ibaki ndani ya kishwara (kitanzi kinachoshika kasia ukingoni). Ukilifupisha sana unachokoroga ni povu.

kaskazi_moja

Napingana kidogo na fundi. Yoti ya mita 9.5 haina sitaha ya kulaza dingi ngumu ya mita 3 bila kuziba njia ya kwenda omo. Boti la mpira unalitoa pumzi, unalikunja, unalitia mfukoni. Na likigonga ubavu wa yoti halikwangui rangi. Tena halipinduki kirahisi, mtu anaweza kukaa juu ya bomba akapanda ngazi taratibu.

Ila hilo la mita 2.7 usidanganywe na urefu wake. Lina mabomba ya karibu sentimeta 40 kila upande. Upana wa nje ukiwa mita 1.5, ndani zimebaki sentimeta 70, na urefu wa ndani haufiki mita 2. Madumu mawili na miguu ya watu watatu hapo ni fujo. Tafuta la mita 3.1 kwenda juu.

Uliza ngozi ya boti ni PVC (plastiki) au Hypalon (mpira wa viwandani). PVC ni rahisi, lakini jua la pwani linailegeza gundi ya maungio na ngozi inaanza kunata mkononi. Ikifika hapo kiraka hakisaidii. Hypalon ni ghali, inavumilia jua miaka mingi zaidi. Ukichukua PVC, ishonee kifuniko cha turubai siku hiyohiyo.

Upepo wa mabomba kwa kawaida ni baa (kipimo cha shinikizo) 0.2 hadi 0.25, ila soma kibandiko. Ukilijaza alfajiri likiwa limekaza na kuliacha mchangani, saa saba mchana hewa imetanuka na mishono inalia. Punguza kidogo kila valvu likikaa juani. Likirudi majini litalegea, ongeza pampu mbili tatu. Watu wengi wakiliona legelege hudhani limetoboka.

Kama kweli limetoboka, paka maji ya sabuni, ukianzia kwenye valvu. Punje moja ya mchanga inatosha kuvujisha usiku kucha. Kiraka kizidi tundu kwa sentimeta 5 kila upande na pembe zake ziwe za mviringo. Kwaruza kwa msasa, futa vumbi, paka gundi ya sehemu mbili kwa tabaka jembamba pande zote, ngoja, paka tena. Ikianza kunata bila kuvuta nyuzi, bandika na ukandamize kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje. Subiri saa 24 kabla ya kupuliza. Pwani hapa viraka vingi vinabanduka kwa sababu ya unyevu, si gundi mbaya: fanya kazi mchana hewa ikiwa kavu, kivulini, usifanye asubuhi umande ukiwa bado.

fundi_taruma

Kweli kuhusu sitaha. Lakini chaza za hori ya Mtwapa hazijui Hypalon wala PVC. Mpira hapo ushuke mahali penye mchanga tu.

pangaboi

Mimi nijibu la mashine. Kwa mita 200 ndani ya hori, hospawa 2.5 hadi 4 zinatosha. Mashine ya 2.5 ya mipigo minne ina kilo kama 17, unaishusha kwa mkono mmoja. Ile 15 wanayofungia wavuvi ina zaidi ya kilo 35. Ukiiweka kwenye dingi ndogo ukiwa peke yako, omo inaangalia mawingu. Soma kwanza kibao kwenye tezi kinachotaja hospawa ya juu kabisa.

Pima urefu wa shimo la tezi pia. Mguu mfupi ni sentimeta 38, mrefu 51. Bapa lililo juu ya pangaboi likae sawa na sakafu ya dingi au chini yake kidogo, sentimeta 2 au 3. Likiwa juu zaidi pangaboi linakula hewa, mashine inapiga kelele na hamwendi.

Ya mipigo miwili inachanganywa mafuta. Kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, basi petroli lita 5 kwa oili mililita 100. Oili iwe ya mashine za majini, yenye alama TC-W3. Ya pikipiki inaacha masizi kwenye plagi, kisha mnavuta kamba mpaka bega linauma.

Kuwasha: legeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi (hii ndiyo inayosahaulika, mashine inakwenda dakika chache halafu inazimika katikati ya hori), fungua bomba la mafuta, weka gia huru, funga kamba ya kuzimia mkononi, vuta choki, vuta kamba. Ikiwaka, angalia nyuma: lazima uone uzi wa maji ukitoka. Usipouona ndani ya nusu dakika, zima. Choma tundu kwa waya mwembamba, mara nyingi ni mchanga. Halafu kagua njia ya kuingizia maji, mfuko wa plastiki ukikaa hapo umeziba kila kitu. Kama kote ni safi, basi ni kipepeo cha mpira cha pampu ya maji. Badilisha kila mwaka, na usiwashe mashine nchi kavu hata kwa kujaribu, maana kipepeo kinaungua kwa sekunde chache tu.

Mashine ndogo nyingi zina pini kwenye pangaboi ambayo kazi yake ni kukatika ukigonga mwamba. Weka mbili za akiba na koleo ndani ya dingi. Usitie msumari. Pini ikikataa kukatika, kinachovunjika ni gia.

Ukimaliza siku, iendeshe kwenye pipa la maji matamu dakika 5 hadi 10, funga mafuta, iache izimike yenyewe ili kabureta ikauke. Na ile ya mipigo minne ilaze upande ulioandikwa tu, la sivyo oili inaingia kwenye silinda.

nahodha_kidimbwi

Shukrani sana. Naona nitafute la mpira la mita 3.1. Limebaki la maji kupwa, na kuvuta. Tena kuna mtoto wa miaka 9 anataka kujifunza tanga, je, dingi hiyohiyo haiwezi kutiwa mlingoti?

bamvua_na_mafu

Kaka, huku siku za bamvua (maji makuu) maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Pwani ikiwa na mteremko wa mita 1 kwa kila 20, ukingo wa maji unasogea mita 60. Siku za bamvua maji hupwa karibu saa nne na hujaa karibu saa kumi. Kwa hiyo ukishuka saa nne ukaiacha dingi ukingoni, saa kumi iko mbali, na kama ulichimbia nanga kidogo tu, imekwenda. Ukishuka saa kumi jioni ukakaa hadi saa nne usiku, iko kwenye tope na mnaibeba.

Dawa ni kamba ya mzunguko. Nanga ndogo yenye pete unaiangusha pale penye maji hata yakipwa. Kamba inapita kwenye pete na kurudi pwani, ncha zimeungwa, dingi imefungwa mahali pamoja juu yake. Ukishuka unavuta upande mmoja dingi inakwenda nje, ukirudi unavuta wa pili inakuja. Kwa mita 60 nunua kamba mita 130. Iwe ya kuzama, inayoelea itanaswa na pangaboi la mwingine.

Ya kuvutia ni kinyume: iwe ya kuelea, milimita 10, ili ukirudi nyuma kutia nanga isizame kwenye pangaboi lako. Hata hivyo ifupishe kwanza. Toa mashine, makasia na tangi, kisha funga kwenye pete mbili za ubavuni, si ile moja ya omo peke yake. Mawimbi yakitoka mbele, rekebisha urefu mpaka dingi ikae mgongoni mwa wimbi la pili au la tatu. Kwenda Kilifi wakati wa kusi (upepo wa kusini) ndipo pabaya, mawimbi yanatoka nyuma: dingi inateleza, inakuja kukugonga tezi, kamba inalegea halafu inakaza kwa mshtuko mpaka pete inang'oka. Ndoo iliyofungwa nyuma ya dingi inaipunguza mbio. Kusi ikiwa kali, ipandishe juu kabla ya kutoka mlangoni mwa hori, kule nje hamtaweza. Na usiku inyanyueni kwa henza (kamba ya kupandishia tanga), mpira mtupu hupinduliwa na upepo, na wenye mikono mirefu wapo.

Kuhusu mtoto: mpira hauna kitu chini cha kushika maji, ukiutia tanga utakwenda upande kama kaa. Mtafutie Optimist, dingi ya tanga ya watoto. Iliundwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947, ina mita 2.3, kilo 35, tanga la mita 3.3 za mraba, na saizi ya mtoto wa miaka 9 ndiyo hiyo. Kama unataka kimoja cha kazi zote, kuna Mirror ya Uingereza ya mwaka 1962, mita 3.3, ya plaiwudi iliyoshonwa kwa waya na utepe wa faiba. Ina tanga, makasia, na mahali pa mashine ndogo. Ila hapo tumerudi kwa fundi_taruma na ile sitaha yako ndogo.

fundi_taruma

Mirror inafungwa kifudifudi juu ya paa la chumba, mbele ya mlingoti au nyuma yake. Pima kwanza nafasi kati ya paa la chumba na foromali ya chini (boriti inayoshika tanga kwa chini), ndipo uniulize bei.