Tumeshambuliwa na DDoS, kisha mtoa huduma katuletea bili ya shambulio lenyewe

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika ankara ikiwa mezani na hasira zimenijaa, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha.

Nasimamia mtandao wa ofisi. Tuna laini ya kampuni, poti (tundu la mtoa huduma tunalounganishwa nalo) ya Gbps 1, kima cha chini tulichokubali kulipia ni Mbps 100, na kinachozidi hapo kinatozwa kwa kila megabiti kwa kanuni ile ya asilimia 95, nitaieleza hapo chini. Mwezi uliopita tukapigwa DDoS, yaani mashine nyingi kwa pamoja zinakufurikia data mpaka laini inazibwa. Haikuwa ya kitaalamu wala nini, takataka tupu za UDP (pakiti zinazorushwa bila kusubiri mpokeaji akubali) kutoka kila pembe ya dunia, poti ikajaa pomoni. Shambulio likapitiliza saa 36. Simu zikakatika, barua pepe hazikuingia, wafanyakazi wakakaa wanatazamana. Sasa ankara imekuja: matumizi ya mwezi, Mbps 940 na ushee. Yaani saa ambazo hatukuweza kutumia chochote ndizo zilizogeuka kuwa matumizi yetu ya mwezi mzima!

Kwa ambao hawajakutana na hesabu hii: mtoa huduma anasoma kaunta ya poti kila dakika 5. Mwezi wa siku 30 unatoa sampuli 8,640. Zinapangwa kuanzia kubwa kwenda ndogo, asilimia 5 za juu zinatupwa, ambazo ni sampuli 432, na inayofuata ndiyo bili yako. Sampuli 432 mara dakika 5 ni saa 36 kamili. Matumizi yakipanda kwa saa 35 tu kwa mwezi, unasamehewa yote. Shambulio likivuka saa 36 kwa dakika 10 tu, hakuna cha msamaha, unalipa kiwango cha juu kana kwamba mwezi mzima ulikuwa hivyo. Wauzaji wanaiita kanuni rafiki kwa mteja. Ni rafiki mpaka siku mtu baki anapoamua ulipe nini.

Nikawaandikia. Jibu lilikuja la kunakili na kubandika: kwa mujibu wa kifungu cha tafsiri, trafiki ni data yote inayopita kwenye poti ya mteja kwa upande wowote, bila kujali chanzo wala kusudi. Basi. Haijalishi uliiomba au hukuiomba. Mtu anakurushia mawe dirishani, halafu unaletewa bili ya mawe kwa uzito!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba walikuwa na uwezo wa kuizima huko juu kabla haijatufikia. Kuna alama ya kazi hiyo hiyo kwenye BGP (lugha ambayo mitandao inaambiana njia za kufikia anwani), 65535:666, imo kwenye waraka wa viwango vya intaneti RFC 7999 tangu 2016: unatangaza anwani inayoshambuliwa ukiwa umeibandika alama hiyo, na mtoa huduma anaitupa trafiki yake kwenye ruta zake. Anwani hiyo moja inakufa, ila laini inapumua. Tulitangaza. Hawakuipokea, kumbe kwao hiyo ni huduma ya ziada ya kulipia, na usiku hakuna mwenye mamlaka ya kuiwasha. Kwa hiyo kukuzuilia shambulio ni biashara, na kukupitishia shambulio ni biashara pia. Niambieni hapo nani ana haraka ya kulizuia.

Nikaanza kusoma mkataba kwa hasira, na wakuu, kasomeni ya kwenu. Kwetu haikuandikwa popote trafiki ya kuingia na ya kutoka zinahesabiwaje. Kuna namna tatu. Unaweza kupanga sampuli za kuingia peke yake, za kutoka peke yake, ukachukua jibu kubwa. Unaweza kuchukua kubwa kati ya mbili katika kila sampuli, ndipo upange. Au unajumlisha kuingia na kutoka katika kila sampuli, ndipo upange. Namna ya kwanza haiwezi kumtoza mteja zaidi ya namna ya pili, na ya pili haiwezi kuzidi ya tatu. Laini ni ile ile, sampuli ni zile zile, bili tatu. Bahati mbaya kifungu chetu kinasema "kwa upande wowote" na kinaishia hapo, kwa hiyo wanachagua wao.

Sampuli zilizokosekana pia, kimya. Mfumo wao wa kupima ukilala nusu siku, zile nafasi tupu zinahesabiwa sifuri au zinafutwa kabisa? Zikifutwa, jumla inapungua, na asilimia 5 unazosamehewa zinapungua nayo.

Halafu vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya anwani na mengineyo yanayobandikwa mbele ya kila kipande cha data. Mimi nilidhani nalipia data, kumbe kaunta ya poti inahesabu fremu nzima, yaani data pamoja na vichwa vyake. Kwa mafaili makubwa hausikii kitu, lakini angalieni simu za IP. Kodeki (programu ya kubana sauti) ya G.729 inatoa Kbps 8 za sauti. Kila milisekunde 20 inatuma baiti 20. Juu yake panda baiti 40 za vichwa vya IP, UDP na RTP, kisha 18 za Ethernet, jumla baiti 78, mara 50 kwa sekunde: Kbps 31.2. Karibu mara nne ya sauti yenyewe! Sikatai kwamba vichwa vinapita kweli kwenye waya. Ninachokataa ni ofa ya mauzo kupigiwa hesabu kwa Kbps 8 na ankara kwa 31.2, mkataba ukiwa katikati hausemi lolote.

Laini yetu ya akiba, ya mtandao wa simu za mkononi, ndiyo kichekesho kabisa. Inatozwa kwa ujazo, na kila kipindi cha mawasiliano kinapandishwa hadi KB 100. Kifaa cha tahadhari kinatuma baiti 200 kila dakika 5 kusema kiko hai, na kila mara ni kipindi kipya. Kwa siku ni KB 57.6 halisi. Wanatoza MB 28.8. Pigeni wenyewe hesabu, ni mara 500.

Niliomba sampuli ghafi za mwezi ule nizipange mwenyewe. Wamenitumia picha ya grafu ya MRTG, programu ya kuchora matumizi ya laini! Grafu ya mwezi, ambayo kila nukta ni wastani wa saa 2. Hapo huwezi kutoa asilimia 95 hata ukiwa malaika, kwa sababu sampuli za dakika 5 zimeshasagwa. Nilipowaambia, wakanionyesha kifungu kingine: kumbukumbu za mtoa huduma ndizo ushahidi wa mwisho. Vipimo vyetu, tulivyovichukua upande wa pili wa waya ule ule, havina uzito. Mpimaji ni yeye, hakimu ni yeye, mpokeaji wa hela ni yeye.

Sijalipa hiyo ziada. Nimelipa kima cha chini, na nimeandika barua kwamba iliyobaki naibishia, niletewe faili la sampuli zote pamoja na maelezo ya namna iliyotumika. Wamenijibu kwa kutishia kukata laini.

Wenye uzoefu na hii mikataba, naombeni msaada wa vitu viwili. Kuna aliyewahi kufanikiwa kuingiza kifungu kwamba trafiki ya shambulio iliyoripotiwa kwa maandishi inaondolewa kwenye sampuli kabla ya kupanga? Naomba aweke hapa maneno yake kama yalivyo, mkataba wetu unakaribia kuhuishwa. Na wale mliobishia bili mkaendelea kuwa na laini hewani, mliwabana kwa kifungu kipi? Tafadhali msije na "hama mtoa huduma", adhabu ya kuvunja mkataba nimeshaisoma.