Korti imetuzuia kusimama nje ya saiti na bado hatujalipwa, tufanyeje?

Fundi_Mamboleo:
Wadau habari za jioni. Mimi ni fundi wa mawe hapa Kisumu, tumekuwa kwa mjengo fulani wa gorofa tangu msingi, mwanzoni pesa ilikuwa inaingia kila Jumamosi kwa M-Pesa bila shida, alafu ikaanza kuja nusu, alafu ikakatika kabisa. Forman anasema ngoja kontrakta, kontrakta anasema ngoja mwenye jengo. Chama chetu kikaingilia, tukawa tunasimama getini asubuhi na mabango, hatujagusa mtu, ila ukweli malori ya mchanga yalikuwa yanakosa pa kupita. Juzi tumeletewa oda ya korti, chama na wanachama wasikaribie hapo mpaka kesi isikizwe. Si Katiba inaturuhusu? Na pesa yetu ndio imeenda hivyo? Kuna wazee hapa watoto wao wako nyumbani juu ya karo.

NyarKondele:
Hii imeniuma sana. Mtu ana pesa ya wakili lakini ya fundi hana? Mimi ningerudi hapo getini kesho, wanishike.

Karani_Nax:
Dada uchungu wako naelewa lakini usimwambie arudi. Akirudi na oda iko, hiyo ni kudharau korti, anaweza pigwa faini ama afungwe, na yule anayedaiwa ndio ataonekana mwenye haki.

Fundi, nafanya kazi ya chama huku Nakuru na hizi kesi naziona. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuandamana na kupiketi, yaani kusimama getini na mabango vile mlifanya, lakini kwa amani na bila silaha, na kifungu cha 41 kinakupa haki ya kugoma. Shida yenu ni malori. Njia ikizibwa wakili wa kontrakta amepata pa kushikia, anakimbia kortini na cheti cha dharura, yaani ombi la kesi isikizwe haraka, na picha za malori yamesimama, jaji anatoa oda ya muda hata hajasikia upande wenu. Lakini hiyo oda ni ya geti, haijafuta deni. Angalia tarehe ya kusikizwa, chama kijibu kwa kiapo mapema, na muombe oda ilegezwe mkubaliwe kusimama ng'ambo ya barabara bila kuziba mtu.

Kitu kingine, mlikuwa mmetolewa kazi ama mligoma? Kama ni mgomo, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka mzozo upitie kwa mpatanishi kwanza, ukishindikana mnatoa notisi ya maandishi ya siku 7. Hapo ndio vyama vinaangushwa, na pesa wanadai ni halali kabisa. Na ya polisi pia, OCS, mkuu wa kituo, anafaa kuarifiwa siku 3 mbele mkitaka kuandamana.

Mjenzi_Kakamega:
Mimi ni kontrakta mdogo, wacha niseme ya upande huu. Unaweza maliza kazi ya kaunti na ukae na invoisi mpaka ikauke, si wote wanakula pesa ya vibarua. Na zege ikishachanganywa haingoji mtu.

Karani_Nax:
Mjenzi, hiyo ya kaunti ni kweli na inaumiza, lakini deni lako na kaunti si la fundi. Yeye alipatana na wewe. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua alipwe jioni ya siku aliyofanya kazi, na mwenye amefanya mfululizo mwezi mzima anaweza kuhesabiwa mfanyakazi wa mwezi, kifungu cha 37 cha hiyo sheria. Kontrakta akishindwa kuleta mkataba wa maandishi kortini, mzigo wa kuthibitisha mlivyopatana unamwangukia yeye. Kwa hivyo Fundi, chama kifungue dai la mshahara kwa Korti ya Ajira hapo Kisumu, msikae mkijibu kesi ya geti peke yake. Mkichelewa zaidi ya miaka 3 limeanguka.

Fundi_Mamboleo:
Asante sana Karani. Hatukutolewa, tuliacha kazi wenyewe, na notisi sidhani chama kilitoa. Meseji za M-Pesa ninazo zote, na kuna mwenzetu alikuwa anapiga picha kitabu cha mahudhurio. Hizo zinatosha?

Karani_Nax:
Zinatosha kuanza. Kila mtu achukue stetimenti yake ya M-Pesa, andikeni kila wiki kazi gani ilifanywa na ngapi haikulipwa, mpeleke kwa katibu wa tawi kabla ya hiyo tarehe. Na mumuulize ya notisi, wakili wenu lazima ajue hiyo mapema.