Tupeane uzoefu: malalamiko ya udhalilishaji kazini, ya kweli na ya kusingiziwa

Mleta mada (afisa utumishi, Dar es Salaam)

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa simulizi za watu waliowahi kuhusika kwa namna yoyote na shauri la udhalilishaji wa kijinsia kazini, iwe kama mlalamikaji, mlalamikiwa, shahidi au mjumbe wa kamati ya nidhamu. Mijadala yetu kuhusu jambo hili huishia kwenye kauli mbili tu, ya wanaosema kila anayelalamika amesema kweli na ya wanaosema wanawake wa siku hizi wanatafuta fidia, na zote mbili hazimsaidii anayeketi mbele ya jalada lenye majina ya watu wawili anaowafahamu. Tusitaje majina ya watu wala ya ofisi. Tueleze kilichotokea, kilichoandikwa na kilichoamuliwa.

Nianze na jambo moja la kisheria, kwa sababu ndilo linalochanganya wengi. Hapa Tanzania lalamiko la aina hii lina milango zaidi ya mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 7, inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa ni aina ya ubaguzi, na mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 138D, inaufanya udhalilishaji wa kijinsia kuwa jinai, na mlango wake ni polisi. Mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki nyingine anaangukia kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na huko ni TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Katika jinai, upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya maana, ilhali katika shauri la kazi kinachopimwa ni maelezo ya upande upi yana uzito zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa huru mahakamani bila kuwa na maana kwamba aliyemlalamikia alisema uongo, na hata hivyo nimewaona waajiri wakiitumia hukumu ya namna hiyo kumfukuza mlalamikaji kazi.

Mhasibu, Mwanza

Mkuu wangu wa idara alizoea kuniita nje ya ofisi kwa kisingizio cha bajeti, na nilipokataa ujumbe wake wa simu ulibadilika kutoka maombi hadi vitisho vya kuhusu mkataba wangu. Niliandika barua kwa uongozi. Kamati iliyoundwa ilikuwa na watu wanaokula naye meza moja, na waliniambia kwa upole kabisa kwamba mambo haya huwa yanamalizwa kiutu uzima. Mkataba wangu ulipokwisha haukuhuishwa, ingawa wenzangu wote wa ngazi yangu walihuishiwa.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba sheria yetu inakuhesabu kutohuishwa mkataba kuwa ni kuachishwa kazi, endapo mfanyakazi alikuwa na sababu za msingi za kutarajia kuhuishiwa, na kwamba mgogoro wa kuachishwa unatakiwa kufikishwa CMA ndani ya siku 30. Bahati nzuri mjomba wangu aliwahi kuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi na hakuniacha nikae nyumbani nikilia. Tuliyamaliza kwenye usuluhishi, nikalipwa, na sina ruhusa ya kusema kiasi gani. Yule bwana bado yupo kazini. Nasikia simulizi inayozunguka pale ofisini ni kwamba nilizua jambo baada ya mkataba kuisha, wakati barua yangu ina muhuri wa kupokelewa wa miezi kadhaa kabla.

Msimamizi wa ghala, Mombasa

Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilikataa kuidhinisha saa za ziada ambazo hazikufanywa, na muda si mrefu nikaambiwa kwamba nimemshika mfanyakazi wa kike. Sikuonyeshwa maandishi yoyote. Niliitwa kwenye kikao kifupi ambacho barua ya kunifuta ilikuwa tayari imepigwa chapa na kuwekwa mezani.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, katika kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi tuhuma kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama atakayemchagua mwenyewe, na asikilize utetezi wake kabla ya kuamua. Hilo halikufanyika, nami nikashinda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Fidia ya namna hii haiwezi kuvuka mshahara wa miezi 12. Lakini naomba mnielewe vizuri, kwa sababu watu hunipongeza kwa jambo ambalo sikulipata: mahakama ilisema nilifukuzwa isivyo haki, wala haikusema kwamba sikufanya kile nilichosingiziwa. Mwajiri aliyeruka hatua ya kunisikiliza aliniondolea pia nafasi pekee ya kusafishwa jina. Ukweni kwangu bado kuna mzee ambaye hunisalimia kwa mkono wa haraka.

Ndiyo maana nauliza: kwa nini anayesingizia asipewe kifungo kilekile ambacho angepata aliyesingiziwa?

Wakili, Nairobi

Kaka wa Mombasa, pole sana. Hilo unalolipendekeza lilikwisha kuandikwa katika sheria yetu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilipopitishwa ilikuwa na kifungu cha 38, kilichosema kwamba atakayetoa tuhuma za uongo atapata adhabu sawa na ya kosa alilolitaja. Wanaharakati walikipinga tangu mwanzo kwa hoja kwamba aliyebakwa kweli ataogopa kwenda kituoni akijua kuwa kesi ikianguka yeye ndiye atakayefungwa, na baadaye kifungu hicho kilifutwa. Kufutwa kwake hakukumwacha mwongo huru, kwa sababu kutoa taarifa ya uongo kwa afisa wa umma bado ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na aliyechafuliwa jina anaweza kufungua kesi ya madai. Tofauti ni kwamba lazima ithibitishwe kuwa mtoa taarifa alijua kwamba anadanganya.

Niongeze jambo ambalo huzaa "uongo" usiokuwa uongo. Kifungu cha 23 cha Sheria hiyohiyo ya Makosa ya Kingono kinamgusa mwenye mamlaka au mwenye wadhifa wa umma anayerudiarudia kumtaka mtu kimapenzi huku akijua kwamba hatakiwi. Mfanyakazi anayesumbuliwa na mwenzake wa ngazi moja, au aliyeguswa mara moja tu, akipeleka shauri lake chini ya kifungu hicho litaanguka, na kesho yake atatangazwa kuwa mzushi. Pa kwenda palikuwepo: kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaja pia mfanyakazi mwenza, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kutoa taarifa ya sera ya kuzuia udhalilishaji. Wateja wangu wengi hawajawahi kuiona sera hiyo, hata wale walioweka saini kwamba wameisoma.

Mfanyakazi wa ghala, Minneapolis

Kwa wanaodhani huku Marekani ukilalamika tu unatajirika: sheria ya haki za kiraia ya 1964 inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 15 na kuendelea, unatakiwa kupita kwanza kwenye EEOC, tume ya shirikisho ya fursa sawa za ajira, ndani ya siku 180, au 300 katika jimbo lenye chombo chake cha aina hiyo, na chini ya sheria hiyo ya shirikisho fidia ya maumivu pamoja na ya adhabu ina ukomo wa dola 50,000 kwa kampuni ndogo hadi 300,000 kwa zile zenye wafanyakazi zaidi ya 500. Nilichokipenda ni kitu kingine. Nilitoa ushahidi kwa ajili ya dada mmoja, lalamiko lake halikuthibitika, na bado msimamizi alikatazwa kutubadilishia zamu kwa kulipiza kisasi, kwa kuwa aliyelalamika kwa nia njema analindwa hata akishindwa.

Mkulima, Morogoro

Mnazungumzia maofisini, lakini tuhuma ya kudhalilishwa imeingia hadi kwenye mikutano ya kijiji. Nilisimama katika mkutano mkuu nikauliza kwa nini taarifa ya mapato na matumizi haikusomwa kwa robo mbili, na michango ya madawati imefikia wapi. Kiongozi aliyekuwa mezani hakujibu swali. Alisema nimemtukana mbele ya wananchi na kwamba cheo chake kimedhalilishwa, na jioni nilikuwa mahabusu kwa kosa la lugha ya matusi. Mama mmoja aliyenisindikiza aliwataka askari waandike ni tusi gani lililotamkwa, neno kwa neno, na nafasi hiyo kwenye karatasi ilibaki wazi mpaka nilipoachiwa bila kushtakiwa.

Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 anapohatarisha amani. Imekusudiwa hatari ya kweli, na kukwazwa na swali la hesabu si hatari. Kwa maoni yangu, uzushi wa mwenye cheo unaumiza kuliko wa mfanyakazi wa kawaida, kwa sababu yeye haambiwi alete ushahidi.

Mkufunzi wa chuo, Iringa

Nimekaa kwenye kamati za nidhamu mara nyingi, na lalamiko moja tu nililokutana nalo naweza kuliita la kusingiziwa bila kusita. Binti wa mkataba wa muda alimtuhumu mwalimu mwenzetu kwamba alimfungia ofisini alasiri ya siku fulani. Barua yake ilikuwa imenyooka mno, yenye vifungu vya sheria, na hakuweza kueleza ofisi ile ilivyopangwa ndani. Tuliomba fomu za ruhusa ya safari na daftari la mahudhurio, tukakuta mwalimu alikuwa mkoa mwingine akisimamia mitihani. Tulimhoji binti mara ya pili, mbele ya mwanamke mmoja tu miongoni mwetu, kwa utaratibu na bila kumtisha, ndipo aliposema kwamba barua iliandikwa na mkuu wake wa kitengo, aliyekuwa akigombea nafasi moja na mtuhumiwa, na kwamba aliambiwa mkataba wake unategemea saini yake.

Wajumbe wawili walitaka afukuzwe siku hiyohiyo. Mimi nilipinga. Aliyetumia mamlaka yake kumlazimisha mwanamke mnyonge alikuwa ni huyo mkuu wa kitengo, naye hakuwa hata kwenye orodha ya watuhumiwa. Mwisho wa yote yeye alishtakiwa kinidhamu, binti akapewa onyo la maandishi, na mwalimu akapata barua ya kusafishwa iliyobandikwa kwenye ubao uleule ambako uvumi ulikuwa umeanzia.

Muuguzi, Tanga

Samahani wakubwa, mimi jambo langu bado ni bichi na sijaandika kitu. Barua inatakiwa iwe na nini?

Mleta mada

Dada, andika leo, kwa maneno yako mwenyewe, hata yakiwa mafupi. Weka tarehe, saa, mahali, maneno aliyoyatamka kama alivyoyatamka, mlivyokuwa mmekaa au kusimama, na nani alikuwa karibu. Usipokumbuka, andika kwamba hukumbuki. Usiandike vifungu vya sheria wala hisia za watu wengine. Usifute ujumbe wowote wa simu, na usiurekebishe. Toa nakala mbili, peleka masjala, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha usiiache kwenye droo ya ofisini.