Mkono wa gramafoni yetu: ncha moja au beringi?

Mzee wa Santuri: Mkono wa sindano wa gramafoni ya kikundi umekufa, na pesa za mpya ziko. Kuna wanaotaka wa beringi, ule unaogeuka juu ya vigololi vya chuma. Mimi nasema tuchukue wa ncha moja, ule unaokaa mzima juu ya msumari mmoja uliochongoka. Haulegei, maana uzito wake wenyewe unaukandamiza kwenye kikombe chake. Nimemsikia Franco kwa mkono huo, gita kama limekaa kwenye kochi.

Binti Kisenyi: Mzee, ukiuinua kwa kidole unayumba kama boda kwenye matope. Kichwa chenye sindano kikilala upande, sauti ya kushoto inavujia kulia. Ijumaa tuko kumi na bia, na wengine mikono inatetemeka.

Mzee wa Santuri: Inatetemeka ya nani? Nabadilisha sindano tangu mama yako yuko shule. Kichwa unakisawazisha kwa kuzungusha uzito wa nyuma kidogo, na tone la mafuta ya silikoni linatuliza huko kuyumba. Lakini sema kwanza, mikono ya nani?

Dj wa Wandegeya: Beringi, basi. Gramafoni ya Technics SL-1200 ya 1979, mkono wake ni wa beringi, imekaa mabaa miaka yote hiyo. Narudisha santuri nyuma, mkono hauruki.

Nakasero Juu: 1979 ni MK2, toleo la pili. Ya kwanza ni 1972. Uliza wakubwa.

Dj wa Wandegeya: Sawa ssebo, wewe uliizalisha.

Fundi Katwe: Mnasifu beringi kama haina dhambi. Ukiikaza sana, mkono unagoma kufuata mfereji wa santuri. Ukiilegeza, inagongagonga na besi inachafuka. Kati ya hapo na pale ni bisibisi kugeuka kidogo tu, kazi ya kushika pumzi. Njia ya tatu ipo: mkono wa SME, kampuni ya Uingereza, wa 1959, kupanda na kushuka unaegemea makali kama ya kisu, kwenda kando ndiyo beringi. Nimefungua mmoja.

Nakasero Juu: Katwe? Si mnachonga masufuria?

Fundi Katwe: Na matoke yako unapikia kwenye nini, SME?

Dj wa Wandegeya: 😂😂 Nakasero amelala.

Nakasero Juu: Nimeuliza tu. Sufuria yangu imetoka dukani.

Fundi Katwe: Dukani ililetwa na nani?

Binti Kisenyi: Jamani, mkono. Wa beringi hata mgeni anaushika, hilo tu. Na Mzee, sikukutaja jina.

Mzee wa Santuri: Hukunitaja, ulinichora. Ijumaa nitatua sindano kwa kidole, bila kile kijiti cha kuinulia mkono, mwanzo wa wimbo wa tatu hasa. Njoo na simu urekodi.

Binti Kisenyi: Nakuja. Kwenye mkono gani lakini, si tulisema umekufa?

Mzee wa Santuri: Fundi ataufufua kwa siku moja. Fundi, uko?

Fundi Katwe: Niko. Nakasero ndiye atalipa.