Bango la Jumamosi: gumzo la kikundi cha Wazazi wa Usonji, Eastlands

Kui wa Bango: Hamjambo nyote. Bango ni saizi ya A1 na lina nafasi sita za picha. Kamati ya ukumbi imeleta majina haya ya watu maarufu wanaosemekana wana usonji (autism): Einstein, Newton, Elon Musk, mwigizaji Anthony Hopkins, Greta Thunberg yule mwanaharakati wa mazingira, na Dustin Hoffman wa filamu ya Rain Man. Kichwa wanataka "Usonji ni Kipaji". Mchapishaji anasubiri kesho saa nne asubuhi. Semeni.

Mwl. Wafula: Asante Kui. Newton na Einstein watoke. Newton alifariki 1727, na daktari Leo Kanner aliandika kuhusu watoto wenye usonji 1943. Hao wawili hawakuwahi kupimwa, ni watu wa leo wanaowakisia tu. Tuweke waliosema kwa vinywa vyao.

Mwl. Wafula: Hoffman naye ni mwigizaji, hana usonji. Filamu ni ya 1988. Mhusika wake, mwenye usonji na kipaji cha hesabu, alitokana kwa sehemu na Kim Peek, mtu aliyekariri vitabu vizima. Peek alizaliwa bila ule mshipi wa neva unaounganisha pande mbili za ubongo, na waliomchunguza baadaye hawakuona kwamba ni usonji.

Mama Neema: Na filamu hiyo ndiyo inafanya mtu akisikia mtoto ana usonji aulize, "Sasa yeye anajua nini? Hesabu? Piano?" Mtoto asipokuwa na cha ajabu, anaonekana amekosa mara mbili.

Baba Imani: Lakini Musk mwacheni, bana. Vijana wote wa huku mtaani wanamjua. Watasimama kusoma.

Mwl. Wafula: Watasimama, ndiyo, ila angalia wataondoka na nini. Alisema tarehe 8 Mei 2021 kwenye Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha Marekani, kwamba ana Asperger, na kwamba ni wa kwanza mwenye hali hiyo kuongoza kipindi hicho. Mchekeshaji Dan Aykroyd, ambaye pia amezungumzia Asperger yake, alikuwa amekiongoza 2003. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba Asperger iliondolewa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani 2013, ikaingizwa ndani ya usonji. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika 2022, imefanya vivyo hivyo.

Sasa mzazi anatoka hospitali na karatasi imeandikwa "usonji, kiwango cha 2". Akiona bango linasema Musk ana Asperger, atadhani hayo ni magonjwa mawili: moja la matajiri, moja la mtoto wake. Kiwango kinaeleza tu msaada anaohitaji mtu: 1 ni msaada kiasi, 2 ni mwingi, 3 ni mwingi sana. Tena hupimwa mara mbili, kwenye mawasiliano na kwenye tabia za kujirudia. Mtoto mmoja anaweza kuwa 3 huku na 2 kule.

Shiru (mtaalamu wa usemi): Nikazie hapo. Jiulizeni ni nani *anaweza* kujitangaza. Ni mwenye maneno, mwenye kazi ambayo haitapotea kesho, mwenye pesa za kupimwa ukubwani. Mwimbaji Susan Boyle alisema 2013, Hopkins akasema akiwa na miaka karibu themanini. Wote wana sauti zao na majina tayari. Kwa hiyo ukikusanya watu maarufu waliojitangaza, umeshachuja wasioongea, wenye kifafa pamoja na usonji, na wanaohitaji mtu wa kuwaosha. Hawa watu maarufu hawajakosea. Kujitangaza kwao kunamsaidia sana mtu mzima ambaye ameitwa mkaidi maisha yote. Ila sisi tukiwapanga sita wa aina moja, tumemfuta mtoto aliye darasani kwa Mwalimu.

Mama Neema: Na mbona wote ni wazungu? Aki mtu wa Kayole ataona ni ugonjwa wa kule ng'ambo.

Baba Imani: Tony Snell basi, Mmarekani mweusi. Alicheza mpira wa kikapu NBA, akatangaza 2023 akiwa na miaka 31. Mtoto wake alipimwa kwanza, ndipo baba akaenda kupimwa.

Shiru: Huyo awe juu kabisa, Baba Imani! Akina baba wengi hapa wanamwachia mama lawama, mara ni laana ya kwao, mara alikula nini akiwa mjamzito. Usonji hufuata ukoo kwa kiasi kikubwa, na njia ya baba imo. Maelezo ya picha yake yaandikwe hivyo: "Alipimwa baada ya mtoto wake."

Mwl. Wafula: Mwingine ni Breanna Clark, mwanariadha wa Marekani. Alipata dhahabu ya mita 400 kundi la T20 kwenye Paralimpiki za Rio 2016 na Tokyo. Kocha wake ni mama yake, Rosalyn, aliyepata fedha ya kupokezana vijiti Montreal 1976, ile Olimpiki ambayo Kenya ilisusia. Kui, ila usiandike kwamba T20 ni kundi la usonji. Ni la ulemavu wa akili, na wengi wenye usonji hawana ulemavu huo.

Kui wa Bango: Sawa. Wasichana ni wachache kwenye orodha. Lucy Bronze wa timu ya soka ya wanawake ya Uingereza je?

Shiru: Ndiyo, alisema 2025. Ameeleza kwamba kukumbatiana na kumtazama mtu machoni vilimpa taabu, akajifunza kwa kuwaiga wengine. Msichana anayeiga vizuri haonekani, hata mwalimu humwona ni mpole tu. Zamani ilisemwa wavulana wanne kwa msichana mmoja. Uchambuzi wa tafiti nyingi wa 2017 ulileta karibu na watatu kwa mmoja, na sababu moja ni wasichana kukosa kutambuliwa.

Na naomba nafasi moja ya Jordyn Zimmerman wa Marekani. Haongei kwa mdomo. Alipewa tableti ya mawasiliano akiwa na miaka 18, baada ya shule kumwona hawezi, na leo ana shahada ya uzamili. Anachapa mwenyewe. Nasema "mwenyewe" kwa sababu kuna njia ya mtu kumshika mtoto mkono huku akichapa, na majaribio yameonyesha maneno hutoka kwa anayeshika. Mkiuziwa hiyo hapa Nairobi, kataeni.

Mama Neema: Mkenya hakuna? Kuna yule wa runinga wanasema…

Mwl. Wafula: Amesema yeye mwenyewe?

Mama Neema: La.

Mwl. Wafula: Basi tusimguse. Na picha za watoto wetu pia zisiwekwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na hata ukiitoa, mtoto atakuwa mtu mzima huku picha bado inazunguka kwenye simu za watu.

Kui wa Bango: Kwa hiyo ni Snell, Clark, Bronze, Zimmerman, Greta. Nafasi ya sita?

Mwl. Wafula: Isiwe picha. Iwe "Ukiwa na wasiwasi, fanya hivi". Mtoto wa miezi 16 hadi 30: yale maswali 20 ya M-CHAT kliniki, mzazi anayojibu kuhusu dalili za mtoto. Alama 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 hadi 7 mzazi anaulizwa tena kwa undani, 8 kwenda juu anapelekwa moja kwa moja kwa mtaalamu. Andika wazi kwamba hiyo ni chujio, haithibitishi usonji. Mtoto wa umri wa shule: kituo cha EARC cha kaunti ndogo, kinachotathmini watoto wenye mahitaji maalum, au KISE, taasisi ya elimu maalum kule Kasarani. Abebe cheti cha kuzaliwa na kitabu cha kliniki.

Baba Imani: Na kichwa?

Shiru: "Kipaji" kiondoke. "Watu Wenye Usonji Wako Wengi, Hawafanani". Chini ya kila picha mambo matatu tu: alisema mwaka gani, nini kinamtatiza, nini kinamsaidia. Maneno yasizidi 25, la sivyo herufi zitakuwa ndogo na hakuna atakayesoma akiwa amesimama. Tukikosa la kumsaidia ambalo amelisema mwenyewe, tuache wazi kuliko kubuni. Na Kui, kwenye rasimu umeandika Greta "anaugua usonji". Weka "ana usonji".

Kui wa Bango: Nimebadilisha.

Shiru: Chini ya bango niwekeeni meza. Nitaleta kadi za picha ambazo mtoto asiyeongea hutumia kuomba kitu, kila moja sentimita 5 kwa 5, zimefunikwa plastiki na velkro nyuma. Tano tu: maji, uji, choo, "tena", na "basi" ya kusema inatosha. Wazazi hukosea kwa kuchapisha sitini siku moja, kisha wanazigeuza mtihani: "Nionyeshe maji! Nionyeshe choo!" Mtoto anazichukia. Anza na kitu anachokitaka sana. Akikupa kadi ya uji, mpe uji papo hapo, hata kijiko kimoja, huku ukitaja "uji". Na "basi" isisahaulike, maana mtoto asiye na njia ya kusema inatosha anaweza kuuma au kujigonga kichwa.

Mama Neema: Haitamfanya awe mvivu wa kuongea?

Shiru: Hapana, Mama Neema. Tafiti hazionyeshi hivyo. Wengine huongeza maneno, wengine hubaki na kadi, na wengi hupunguza kulia.

Baba Imani: Spika ya ukumbi ile ya kelele?

Mwl. Wafula: Izimwe saa tano hadi saa saba, familia zije na watoto wakati huo. Na taa ile ya kumetameta karibu na mlango ibadilishwe, nimeshamwambia msimamizi.

Kui wa Bango: Natuma faili saa tatu na nusu. Mwenye marekebisho aseme usiku huu. Shiru, velkro nikuchukulie mita ngapi?

Shiru: Mbili zinatosha. Ile ya kushonwa usichukue, chukua ya gundi.